Safu ya Faida

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni hapa Tunduma na karatasi ya kutiwa sahihi. Darasa lao lilikuwa linapelekwa Jumamosi kutembea mtoni, na mzazi alitakiwa aandike, kwenye mistari mitatu iliyoachwa wazi, mtoto wake atajifunza nini huko. Mama yake alikuwa kwenye biashara zake mpakani, kwa hiyo kazi ikamwangukia bibi na miwani yake. Nilishika penseli nikaandika "kuona", nikafuta. Nikaandika "maji", nikafuta hilo nalo, mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto akaniambia kwa upole kwamba bibi wa mwenzake amejaza mistari yote mitatu.

Si kwamba Kiswahili kilinipiga chenga. Nimekula mshahara wa ualimu miaka mingi, na maneno ya kujaza karatasi kama ile naweza kuyatoa nikiwa nimelala. Kilichonishinda ni harufu. Mtoto alikuwa amepita kwenye mvua, na mfukoni mwa kaptura yake mlikuwa na kokoto zenye tope na yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe ya kijitoni. Akazitoa akazimwaga mezani. Ilinijia harufu ya baridi, ya maji yasiyoona jua, na nikajikuta niko milimani Ileje, miguu mitupu, nyuma ya dada yangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia kule mnajua asubuhi zake. Ukungu unakaa bondeni mpaka watu wamekwisha kunywa uji, migomba inadondosha maji bila mvua, na mtoto anakwenda akiwa amekunja mikono kwapani. Dada yangu aliitwa Tusekile. Alinizidi miaka mitano, na nadhani mgongo wake niliufahamu kabla ya uso wake, kwa sababu ndiye aliyenibeba. Alinibeba mimi, akaja kumbeba mdogo wangu, kisha mwingine. Shule ya misheni ilipofunguliwa upande wetu mimi nilikuwa wa umri wa kuandikishwa, yeye alikuwa amekwisha kupita. Siku hizo umri ulipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa: wangu uligusa sikio la upande wa pili, wake ulikizunguka kichwa na kubaki. Kwa hiyo nikaenda mimi.

Lakini Jumamosi ilikuwa yetu. Tukimaliza kuchota maji na kukata majani ya ndama, tulishuka bondeni ambako kulikuwa na mwamba mpana uliolala kando ya kijito. Mchezo wetu haukuwa na jina. Kila mmoja alikwenda upande wake na kuokota kitu kimoja tu, chochote, ilimradi kimemvuta. Tukarudi kwenye mwamba. Tusekile aliweka chake, labda mbegu nyeusi ya mgomba mwitu, ngumu, iliyong'aa. Mimi niliweka changu kando yake, na yeye akavitazama, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kitu kitakachokiitikia kile cha kwanza, jinsi watu wanavyoitikia wimbo.

"Hiki hakiitikii," aliniambia mara nyingi. "Nenda tena."

"Kwa nini hakiitikii?"

"Wewe huoni? Nenda tena."

Nilirudi majanini, nikaja na gamba la konokono lililopauka, nikaliweka kando ya mbegu ile nyeusi. Tusekile akacheka kicheko chake cha puani. Hapo nilijua nimepatia. Nini hasa nilichopatia sijui hata leo, lakini nilipatia, na mwili mzima uliniambia. Mstari wa vitu ulienda ukirefuka juu ya mwamba, gamba, unyoya mwekundu wa ndege wa msituni, jiwe la kumeta, ganda la yai, kijiti kilichopinda. Jua likielekea milimani tulisimama, tukavitazama mara moja, tukaviacha hapo hapo. Hatukuwahi kurudi nyumbani na kitu. Mama aliona mikono mitupu akauliza tulikuwa wapi siku nzima, na Tusekile akajibu, "Tulikuwa hapo chini," na ilikuwa kweli.

Nilipokuwa darasa la pili tuliletewa mwalimu mpya, kijana mwembamba aliyetoka chuoni na viatu vyake mkononi ili visiharibike njiani. Alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Ndiye aliyetufundisha kwamba kutoka nje nako ni somo. Alituambia mtoto wa kijinga anaokota na kutupa, mtoto wa shule anaokota na kujua. Akachora ubaoni safu tatu: Jina, Mahali, Faida. Kila Ijumaa tulitakiwa kuleta kitu kutoka porini na kukijazia safu zake. Jani la mpapai, shambani, dawa. Udongo wa mfinyanzi, mtoni, vyungu. Kisichokuwa na faida alikirudisha. "Hiki kimekufundisha nini?" aliuliza, na mtoto aliyekosa jibu alikwenda kukitupa nje mwenyewe, akarudi akakaa.

Nilizipenda safu zile kupita kiasi. Kitu kilichokuwa kimelala tu majanini kilipata nyumba yenye vyumba vitatu. Nilikuwa wa kwanza kila Ijumaa, na siri yangu ilikuwa dada yangu, kwa sababu macho yaliyoona vitu yalikuwa yake.

Mwaka huo huo nilisikia mazungumzo ya baba na mama. Walikuwa wanapukuchua mahindi, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Mama alisema Tusekile bado mdogo. Baba akasema mdogo au mkubwa, ng'ombe ameshaingia zizini. Mama akauliza itakuwaje akipokelewa shule. Baba alicheka bila furaha.

"Mtoto wa shule haozwi mpaka amalize, hiyo ni sheria ya kanisa na mimi nitaifuata," alisema. "Asiye wa shule ana sheria ya baba yake. Mpelekeni, kama watampokea."

Sikujua anaozwa kwa nani, wala haikunijia kuuliza. Kwetu watoto hawakuambiwa mambo hayo. Nililoshika ni kwamba kuna mlango mmoja na umebaki wazi kidogo. Kesho yake nikamwambia mwalimu kwamba dada yangu anajua vitu vya porini kuliko darasa zima. Mwalimu akafikiri. Akasema umri wake umepita, yeye mwalimu hana ruhusa ya kumwandikisha, lakini baada ya mavuno mkaguzi wa shule, Mzungu, atakuja, na huyo akimwona mtoto mwenye akili anaweza kumruhusu. Tungempangia meza ya vitu. Tusekile angesimama mbele yake avieleze kwa Kiswahili, jina, mahali, faida.

Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimemwokoa dada yangu.

Jumamosi iliyofuata nilishuka bondeni na kikapu. Tusekile alikitazama kile kikapu. Nilimweleza habari ya mkaguzi, na macho yake yakawaka, kwa maana yeye alijua vizuri kuliko mimi ni nini kilichokuwa kinamngoja. Alitaka shule. Nisije nikasema nilimlazimisha, maana huko kungekuwa kujisingizia kosa nisilolifanya. Alisema, "Haya, nifundishe," akakaa juu ya mwamba, mikono magotini, kama mwanafunzi.

Niliokota mbegu ya mgomba mwitu. "Jina?"

Alisema jina lake kwa Kindali, lugha ya nyumbani.

"Kwa Kiswahili."

"Sijui."

"Mbegu ya mgomba mwitu. Mahali?"

"Si hapa, tulipo?"

"Kando ya kijito. Faida?"

Akaigeuza kidoleni. "Ni nyeusi," alisema.

"Hiyo si faida, dada. Watoto huchezea bao. Sema."

"Watoto huchezea bao," akasema.

Basi ikawa hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mavuno. Gamba la konokono tulilipa faida ya kutuonyesha adui wa mboga. Unyoya mwekundu tukaupa faida ya kupamba kofia. Jiwe la kumeta lilinisumbua sana, mwisho nikaamua kwamba linaonyesha madini yanaweza kuwepo, kwa sababu wanaume wa kwetu walikuwa wanakwenda Lupa kuchimba dhahabu na nilisikia wanaanza na mawe. Ganda la yai halikupata faida yoyote, nikalitupa. Tusekile alilifuata kwa macho likianguka kijitoni. Alipokosea nilimrudisha mwanzo, na alikosea mara nyingi, na nilikuwa mkali. Nilitumia sauti ya mwalimu. Wakati mwingine alinyoosha mkono akasogeza vitu viwili vikae pamoja, nami nikavitenganisha, kwa sababu kimoja kilikuwa mmea na kingine mnyama. Sikumbuki kama alicheka hata mara moja miezi ile. Nilidhani ndivyo mtu anavyokuwa akianza kuelimika.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa tuliyemwita Baba Yohana, ambaye kijana wake, Yohana mwenyewe, alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba. Alikuwa katika kamati ya shule, na neno lake lilisikika hata kwa Wazungu. Miezi ile alianza kuja kwetu mara kwa mara. Ndiye aliyekuwa ametuletea ng'ombe mwekundu aliyekuwa zizini, nami nikaona ametuhurumia kwa sababu wa kwetu walikufa. Kila akija alianza kukohoa tokea mbali, kule kwenye kona ya migomba, kwa nguvu, mara tatu au nne. Na kila akikohoa Tusekile aliacha alichokuwa anafanya akatokomea nyuma ya nyumba, wala hakurudi mpaka mzee ameondoka. Nilimwonea huruma mzee, mtu mwema namna ile kusumbuliwa na kifua. Tusekile niliona ana utovu wa adabu.

Ilipobaki siku mbili mkaguzi aje, niliwaza kwamba Tusekile atahitaji mtu mzima wa kumwombea. Baba hakwenda shuleni kwa mambo kama yale. Nikachuma majani tuliyoyaandika daftarini kuwa ni dawa ya kikohozi, nikayafunga kwa kamba ya mgomba, nikaenda kwa Baba Yohana. Nilimkuta anachonga mpini. Nikapiga magoti nikampa.

"Haya ya nini, mwanangu?"

"Ya kifua chako, Baba. Unakohoa sana ukija kwetu."

Alinitazama muda mrefu. Mkewe alikuwa mlangoni, akageuza uso ndani, na nilisikia anazuia kicheko. Mzee hakucheka. Alisema, "Asante, mwanangu, nitayachemsha." Nikamwomba aje shuleni siku ya mkaguzi kuona meza ya vitu vya porini, kwamba mimi na wenzangu tumeiandaa. Habari za Tusekile sikusema, nilitaka ashangae mwenyewe.

"Nitakuja," alisema. "Mimi hupenda kuona watoto wanavyojifunza."

Mkaguzi alifika na wapagazi wawili na soksi ndefu hadi magotini. Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inanyemelea. Darasa letu lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja. Meza iliwekwa mbele, na vitu vyetu juu yake, kila kimoja kimelala peke yake kwenye kipande cha karatasi ambacho mimi nilikiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Wazee wa kamati walikaa kwenye benchi ukutani. Mwalimu akaniashiria, nami nikatoka kumwita Tusekile, aliyekuwa anangoja nje, amevaa nguo ya mama iliyokunjwa kiunoni, na kitambaa mabegani.

Aliingia. Alikwenda moja kwa moja mezani, kama tulivyofanya mazoezi, akasimama akavitazama. Mkaguzi akachukua mbegu nyeusi akaishika juu. "Hii ni nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

Tusekile hakujibu. Nilisogeza midomo kumsaidia. Mkaguzi akauliza tena, taratibu zaidi. Akaweka mbegu chini, akachukua gamba. Kimya. Ndipo kule kwenye benchi Baba Yohana akakohoa.

Dada yangu alivuta kitambaa akajifunika kichwa na uso, akainama mpaka akawa mfupi kama mimi, akapita ukutani huku amewapa mgongo wazee wote, akatoka nje. Baba Yohana naye alikuwa ameinuka, ameuelekeza uso kwenye ukuta, anangoja. Mwalimu alishika kichwa. Mkaguzi alitazama mlango, kisha meza, akasema jambo kwa Kiingereza na kuandika kwenye kitabu chake. Mwalimu aliniambia baadaye ni nini. Alikuwa ameandika kwamba msichana hana akili ya kutosha.

Desturi ile nilikuwa naijua, ndiyo aibu yangu. Mke wa baba yangu mdogo nilimwona mara nyingi akiruka nje ya njia, amejifunika, kwa sababu babu anapita. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso, wala mwanamke hasemi neno mbele yake, na mzee mwenye heshima hukohoa ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha. Nilijua vyote. Nilidhani tu ni mambo ya wanawake waliokwisha kuolewa. Hakuna aliyeniambia kwamba yanaanza siku ng'ombe wa posa anapoingia zizini.

Niliambiwa jioni ile, na mama, kwa maneno machache, huku anakoroga sufuria. Baba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba basi, tumejaribu. Kabla ya mvua kubwa Yohana alirudi kutoka ng'ambo na koti na baiskeli, na Tusekile akachukuliwa kwenda ng'ambo ya bonde, nyumba ambayo moshi wake tuliuona asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mtoto wake wa kwanza hakuishi, wa pili naye hakuishi. Mimi nilikwenda darasa la tatu, la nne, nikapelekwa bweni, nikawa mwalimu. Bondeni sikushuka tena. Nilijaribu mara moja, peke yangu, nikaokota kitu nikakaa nacho juu ya mwamba, nikaona napoteza muda.

Jambo la kumwalika yule mzee nililificha moyoni maisha yangu yote. Nililibeba shuleni, nikalibeba kanisani, nikaolewa nalo. Kila nilipomtembelea Tusekile nilimpelekea sukari na vitenge, naye alipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, na nilirudi nyumbani nikiwa mwizi yule yule. Nilijiambia kwamba nisingekwenda na yale majani, mzee asingekuja. Asingekuja, dada angejibu. Angejibu, angesoma.

Tulipokuwa wazee wote wawili, Yohana na baba yake wamekwisha kuzikwa, nilikwenda kukaa kwake siku tatu. Alikuwa anaumwa miguu, hatoki sana. Tulikaa barazani tunapukuchua maharage kwenye ungo mmoja, na mimi nikasema. Nilisema yote bila kupumzika, kikohozi, majani, mpini aliokuwa anachonga, jinsi nilivyopiga magoti. Nikamwambia, "Dada, ni mimi niliyemleta. Nisamehe."

Aliendelea kupukuchua. "Najua," alisema. "Mama mkwe alinihadithia mwaka ule ule. Walicheka sana kwa yale majani."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje?"

Akatoa harage bovu, akalitupa kwa kuku.

"Wewe unadhani nilishindwa kwa sababu ya mzee," alisema. "Hapana. Nilishindwa kabla hajakohoa. Niliingia pale nikatazama ile meza, nikatafuta vitu vyetu, sikuviona. Viko pale, naviona kwa macho, lakini sivijui. Yule Mzungu akanyanyua kimoja, nikawa kama mtu anayeulizwa habari za nyumba ya watu. Ya kwangu niliyokuwa nayajua yameondoka, na yale yako hayajaingia."

"Kwa hiyo ulipomsikia..."

"Nilipomsikia anakohoa nilishukuru," alisema Tusekile. "Nilipata sababu ya kutoka nje."

Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kama nimechoka, kama niletewe chai. Nikasema sijachoka. Nilikuwa nimestaafu mwezi mmoja kabla ya siku ile, na shule ilinipa cheti chenye fremu kwa kuwafundisha watoto wa watu, tangu ujana wangu, kwa njia ile ile ya jina, mahali, faida.